Kilimanjaro Haukupungua: Historia ya Mita Mbili na Nusu

Kwa takriban nusu karne, vitabu vya jiografia vilifundisha kwamba Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, hesabu iliyotokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, walipandisha vipokezi vya GPS hadi kileleni na kupata mita 5,892.55. Ni rahisi kudhani kwamba mlima umetitia, au kwamba kuyeyuka kwa barafu kumeupunguza. Lakini Kilele cha Uhuru ni mwamba na udongo mtupu. Barafu imekaa kando yake, na hata ikiisha yote, kilele hakitashuka. Kilichobadilika ni ushahidi. Ndiyo maana naona kwamba thamani kubwa ya upimaji ule ni kumbukumbu ya data uliyoizaa, kuliko hata namba yenyewe.

Wapimaji wa 1952 hawakuwa wazembe. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliukadiria mlima kuwa na zaidi ya mita 6,000, kwa hiyo kazi yao ilikuwa hatua kubwa mbele. Wao walitumia mtandao wa pembetatu: theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, husimikwa kwenye alama za mbali, kilele hulengwa, na urefu hukokotolewa kutokana na pembe ya mwinuko. Tatizo lilikuwa hewa. Mwanga unaotoka kwenye baridi ya kileleni kuja kwenye joto la mbugani hupinda njiani, na kupinda huko hubadilika asubuhi, mchana na jioni. Digrii moja ina sekunde 3,600; mpimaji aliye umbali wa kilomita 50 akikosea sekunde 10 tu, urefu unakosewa kwa takriban mita 2.4. Tukijua hilo, tofauti ya karibu mita mbili na nusu haishangazi hata kidogo.

Njia iliyoliepuka tatizo hilo ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Charles Counselman wa MIT na wenzake walipoonyesha kwamba mpimaji anaweza kutumia mawimbi yenyewe ya redio yanayotoka kwenye setilaiti. Wimbi moja la masafa makuu ya GPS lina urefu wa sentimita 19, na sehemu ndogo ya wimbi hilo inaweza kupimwa. Kipokezi kimoja huwekwa kwenye alama inayojulikana na kingine kwenye alama mpya. Vyote viwili hutulia juu ya miguu mitatu, vikirekodi setilaiti zilezile kwa wakati uleule, mara nyingi kwa saa kadhaa, ili setilaiti zisogee angani vya kutosha na idadi ya mawimbi kamili kati ya setilaiti na kipokezi ipatikane bila shaka. Mwaka 1999 jeshi la Marekani lilikuwa bado linaharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, jambo lililokoma Mei 2000. Kipokezi kimoja peke yake kingeweza kukosea hata mita 100. Viwili vikirekodi pamoja, kosa hilo huvipata vyote karibu sawasawa, na hufutika data zinapolinganishwa.

Msomaji makini atauliza: mbona upimaji mwingine wa GPS, wa mwaka 2008, ulitoa takriban mita 5,891? Je, GPS nayo inayumba? Jibu liko kwenye mahali tunapoanzia kuhesabu. Setilaiti hupima urefu kutoka kwenye elipsoidi, umbo la kihisabati la dunia. Sisi tunataka urefu kutoka usawa wa bahari, yaani jeoidi. Kilimanjaro nyuso hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya mita kumi, na makadirio ya pengo hilo huboreshwa kadiri uvutano wa dunia unavyozidi kupimwa. Palipo na data ghafi, hesabu hurudiwa kwa jeoidi mpya bila mtu kupanda mlima tena. Tangu 1989 upo mfumo wa faili uitwao RINEX, unaowezesha data za vipokezi vya kampuni tofauti kusomwa pamoja. Lakini faili halitoshi bila daftari: kimo cha antena kikiandikwa vibaya kwa sentimita 10, urefu wote hukosewa kwa sentimita 10, na hakuna setilaiti itakayolifichua kosa hilo.

Wengine watasema mambo hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa vipokezi vya leo hutoa jibu kwa sekunde chache. Kweli, na kwa kazi nyingi za viwanja hiyo inatosha. Ila jibu hilo la haraka huegemea kituo rejea ambacho chenyewe kilipatikana kwa kurekodi kwa muda mrefu, na kituo kikikosewa, kila bikoni ya mpaka iliyopimwa kutoka hapo hukosewa pia. Mgogoro wa mpaka ukifika mahakamani miaka 20 baadaye, namba tupu haiwezi kujitetea. Data ghafi, saa za kuanza na kumaliza, na kimo cha antena vinaweza kukaguliwa upya na mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo ofisi za upimaji zinapaswa kuhifadhi data za uwandani kwa uangalifu uleule zinaohifadhia ramani, kwa sababu bila data hizo ramani haina wa kuishuhudia.