Namba, Mabano na Ngeli: Funzo kutoka Kinyakyusa cha Rungwe

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1899 Carl Meinhof, aliyekuwa mchungaji huko Zizow, Ujerumani, alichapisha kitabu cha fonolojia linganishi ya Kibantu. Kinyakyusa, alichokiita Kikonde, kilikuwa miongoni mwa lugha chache alizozichambua humo pamoja na Kiswahili. Ngeli za nomino alizitambulisha kwa namba, akifuata njia ya Wilhelm Bleek, aliyeanza kuchapisha sarufi yake linganishi mwaka 1862.

Uainishaji huo una mwenzake katika hisabati. Mwaka 1801 Carl Friedrich Gauss alitumia alama ya mistari mitatu, ≡, kuonyesha kwamba namba mbili huacha baki moja zinapogawanywa kwa namba ileile. Namba za namna hiyo huunda kundi moja la ulinganifu, na kundi zima huweza kuandikwa kwa mwanachama wake yeyote ndani ya mabano ya mraba. Vivyo hivyo, [kiti] na [kisu] ni ngeli ileile.

Hata hivyo, mabano peke yake hayatoshi. Sharti uhusiano unaounda kundi utajwe. Kigezo kikiwa kiambishi awali, *kiongozi* hukaa pamoja na *kiti*. Kigezo kikiwa upatanisho, hukaa pamoja na *mtu*, kwa kuwa husemwa *kiongozi amefika*, bali *kiti kimefika*. Majina ya M-WA na A-WA, basi, si majina mawili ya kitu kimoja: la kwanza hutokana na umbo la nomino, la pili hutokana na upatanisho wake katika sentensi.

Namba nazo zina kigezo chake, yaani asili ya pamoja ya lugha za Kibantu. Kinyakyusa hutenganisha *ulu-* ya ngeli ya 11 na *ubu-* ya ngeli ya 14; katika Kiswahili zote mbili zimekutana katika *u-*. Katika hesabu inayotumika sasa, *aka-* na *utu-* za Kinyakyusa ni ngeli za 12 na 13, ambazo Kiswahili sanifu hakinazo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza kama U ni ngeli moja au mbili hana budi kwanza kueleza analinganisha kwa kigezo gani. Kwa upatanisho wa Kiswahili cha leo ni moja. Kwa historia, ambayo Kinyakyusa cha Rungwe kingali kinaishuhudia, ni mbili.