Rabsha bungeni (Tanzania)
Rabsha bungeni ni vurugu za kusukumana, kushikana au kupigana ndani ya ukumbi wa Bunge. Kanuni za Kudumu humruhusu Spika kuamuru mbunge anayekaidi amri yake atolewe nje, na kosa kubwa hupelekwa Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge.

Tukio linalotajwa zaidi ni la Dodoma, Septemba 2013, wakati wa mjadala wa kurekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Naibu Spika Job Ndugai aliagiza askari wamtoe Kiongozi wa Upinzani, Freeman Mbowe, aliyesimama akitaka kuzungumza na kukataa kuketi. Wabunge wenzake wakamzingira kumkinga; askari na wabunge wakavutana, na mbunge Joseph Mbilinyi akabebwa hadi nje. Januari 2016 polisi waliingia ukumbini wapinzani walipopinga kusitishwa kwa matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye TBC, shirika la utangazaji la taifa. Mei mwaka huo wabunge saba walisimamishwa kwa sababu ya fujo hizo.

Kisa kingine, cha mkoani Morogoro, kilizuka nje ya Bunge, kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa Halmashauri ya Kilombero mwaka 2016. Mbunge Peter Lijualikali alihukumiwa kifungo cha miezi sita Januari 2017 kwa kufanya fujo kwenye uchaguzi huo, kisha Mahakama Kuu ikamwachia Machi.

Rabsha kama hizo zimetokea pia katika bunge la Kampala: Septemba 2017, katika mjadala wa ukomo wa umri wa rais, wabunge wa Uganda walirushiana viti.