Setilaiti za kijasusi zafichua ngome za kale

PICHA zilizopigwa kutoka angani na setilaiti za kijasusi za Marekani wakati wa Vita Baridi zimewawezesha wanaakiolojia kutambua mabaki ya ngome 396 zinazoaminika kuwa za enzi ya Milki ya Roma nchini Syria na Iraq.

Matokeo hayo yalichapishwa Oktoba 2023 katika jarida la Antiquity na watafiti wakiongozwa na Jesse Casana wa Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Setilaiti za kwanza, zilizoitwa Corona, zilifanya kazi kati ya 1960 na 1972. Filamu zake zilidondoshwa katika makasha yenye miavuli, yakanaswa na ndege yakiwa bado hewani. Picha hizo zilikuwa siri hadi 1995, serikali ya Marekani ilipoamuru zitolewe kwa umma.

Kuta zilizofukiwa hubadilisha rangi ya udongo ulio juu yake, na jua linapokuwa chini, tuta dogo hutupa kivuli. Anayepita kwa miguu huenda asione chochote, ilhali kutoka angani umbo la mraba la ngome, lenye upande wa mita 50 hadi 80, hujitokeza waziwazi.

Ugunduzi huo umetikisa dhana ya miaka mingi. Mwaka 1934, kasisi Mfaransa Antoine Poidebard, aliyepiga picha akiwa ndani ya ndege, alichapisha ramani ya ngome 116. Aliziona zimepangwa kutoka kaskazini kuelekea kusini, akasema ulikuwa mpaka wa kuzuia maadui wa mashariki. Ngome mpya zimetapakaa kutoka mashariki hadi magharibi, jambo linaloashiria kwamba huenda zililinda misafara ya biashara na wasafiri.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi. Haiwezi kuthibitisha umri wa jengo. Kazi hiyo yahitaji uchimbaji.

Tatizo ni kwamba mengi ya mabaki hayo hayapo tena. Tangu picha zipigwe, mashamba, mabwawa na miji vimeyameza. Hata kati ya ngome 116 za Poidebard, watafiti waliweza kutambua kwa hakika 38 pekee. Hivyo basi, filamu zilizokusudiwa kuchunguza makombora ya adui ndizo kumbukumbu pekee iliyosalia ya baadhi ya majengo hayo.