Deni la Mshitu

Kwetu Upare kijana hakuhesabiwa mtu mzima kwa kuota ndevu. Hata kutahiriwa hakukumaliza kazi. Alikuwa bado anadaiwa mshitu: miezi kadhaa ya kuishi msituni, mbali na mama yake na moto wa nyumbani, pamoja na wenzake wa rika moja na wazee waliokabidhiwa kuwafunda. Asiyepita huko angeweza kuwa na ng'ombe zizini na nguvu za watu wawili, lakini wanaume walipokaa shauri yeye alikaa pembeni.

Naandika haya nikiwa mjukuu wa mtu aliyepita. Kwetu ni Mhezi, kata ya milimani katika Wilaya ya Same, mahali ambapo migomba, mahindi na maharage hupanda mteremko hadi unajiuliza mkulima alisimama wapi alipolima. Mimi ni mwanamke, na kwa sheria ya zamani nisingethubutu hata kuokota ukuni mmoja ndani ya mshitu. Nimefundisha historia hadi nikastaafu. Kilichonisumbua siku zote ni kwamba vitabuni jando na unyago hupewa aya moja tu, kama sherehe ya ngoma na kisu. Hapo mtoto wa Kipare anaambiwa kidogo sana juu ya shule iliyomlea babu wa babu yake.

Milimani kwetu palikuwa na misitu ya namna mbili iliyolindwa na desturi. Mpungi ulikuwa wa ukoo: kisitu kidogo cha matambiko, ambako mafuvu ya wazee waliotangulia yaliwekwa ndani ya vyungu, na wenye ukoo wakaenda kuwaomba radhi, mvua na uzazi. Mshitu ulikuwa wa vijana. Jina hilo lilitaja miti yenyewe na mafunzo yaliyofanyika chini yake. Yote miwili haikukatwa. Miti mikubwa, mikuyu na miringaringa, ilizeeka na kuanguka yenyewe, na iliyoanguka ilioza palepale. Mara nyingi chini yake palikuwa na chemchemi iliyolisha mfereji na ndiva, yale mabwawa ya kuwekea maji ya umwagiliaji ambayo Upare unayajua tangu zamani.

Aliyetuwekea historia hii kwenye karatasi ni Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliyezunguka milima yote kukusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare hadi mwaka 1900. Anaeleza jinsi Ugweno, upande wa kaskazini, ulivyotawaliwa kwanza na Washana, ukoo wa wahunzi, mpaka Wasuya walipowapindua. Hiyo ilikuwa yapata karne ya 16. Aliyepanga mapinduzi anatajwa kwa jina la Angovi, na mwanawe Mranga ndiye aliyesuka utawala mpya. Katika kuusuka alishika jambo ambalo kila nyumba ilikuwa nalo, yaani mafunzo ya vijana, akalifanya nguzo ya dola. Vijana wa koo mbalimbali wakapita mahali pamoja, chini ya amri moja. Waliotoka huko walifahamiana, na walijua wanamtii nani.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila mara naona akili ya mtu yule. Angeweza kujenga ngome. Yeye alichukua watoto wa watu kutoka kila bonde, akawaweka gizani pamoja kwa miezi, wakatoka ndugu.

Upande wetu wa kusini hapakuwahi kuwa na dola moja kubwa namna hiyo. Palikuwa na wafumwa, yaani machifu, wengi wadogo, kila mmoja na eneo lake, na kule Mbaga Wambaga walisifika kwa kuleta mvua. Lakini deni la mshitu lilikuwa lilelile. Kijana alifundishwa historia ya ukoo na mipaka ya ardhi yake, adabu mbele ya wazee, mambo ya ndoa, vita, na kuvumilia maumivu na hofu bila kulia. Alikula kiapo cha kutotoa siri. Wasichana walikuwa na njia yao: wao walifungiwa ndani ya nyumba, wakafundwa na wanawake. Mvulana alitolewa nje, msichana akawekwa ndani. Mwenye kutaka kujua wazee wetu waliugawaje ulimwengu aanzie hapo.

Babu yangu mzaa baba alipita mshitu kabla ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Aliheshimu kiapo mpaka kaburini. Ulipomuuliza alicheka kidogo, akaomba maji ya kunywa. Tulichokijua tulikisoma kwenye mwili na mazoea yake. Hakuweza kulala kwenye kitanda chenye godoro laini. Alitandika ngozi sakafuni hata baada ya baba kumnunulia kitanda cha chuma. Usiku, njia ikiwa haionekani, aliutambua mti kwa kupapasa gome lake na kunusa vidole. Nilipokuwa mdogo nilimjaribu: nilimfumba macho kwa khanga, nikamletea vijiti, akavitaja kimoja kimoja, kipi kinawaka kikiwa kibichi, kipi moshi wake unaumiza macho, kipi hakiingizwi ndani ya nyumba kabisa. Kile cha mwisho alikitupa mbali, na mchezo ukaishia hapo.

Na hakuchukua tonge la makande kabla ya aliyemzidi umri. Akiwa na miaka karibu themanini bado aliangalia kushoto na kulia kama yuko mkubwa kuliko yeye.

Watu wa nje waliotuandika zamani hawakuiona shule hii hivyo. Mchungaji Jakob Dannholz wa misheni ya Leipzig, aliyeishi Mbaga, aliandika kitabu juu ya imani za Wapare kikachapishwa Ujerumani mwaka 1916. Ernst Kotz wa misheni ya Waadventista Wasabato, ambaye tayari mwaka 1909 alikuwa ametoa sarufi ya Chasu, yaani Kipare, akatoa chake juu ya mila zetu mwaka 1922. Walijifunza lugha yetu kwa bidii, na bila wao tungepoteza mengi. Nawashukuru kwa hilo. Ila wote wawili waliviita vitabu vyao kwa majina yenye kuonyesha watu waliofungwa, mmoja na hofu, mwingine na mizimu. Hofu ilikuwapo mshituni, sikatai. Wazee waliiweka pale makusudi, ili kijana akutane nayo akiwa na wenzake, chini ya macho ya watu waliompenda, kabla haijamkuta peke yake.

Maana hofu yenyewe ilikuwa inakuja. Kuanzia miaka ya 1860 biashara ya pembe na watumwa ilipamba moto kwenye bonde la Pangani, chini ya milima yetu. Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri wa Usambara, alipata bunduki kwa njia hiyo, na uvamizi ukapanda hadi Upare. Watu walikimbilia juu zaidi na kuingia mapangoni. Kule Mbaga mapango ya Mghimbi yanatajwa hadi leo kuwa maficho ya wakati ule. Fikiria kundi la akina mama na watoto ndani ya pango, usiku, mvua inanyesha, moto hauruhusiwi. Aliyewahi kulala msituni miezi, anayejua maji yako wapi na njia ipi haina majani makavu, ndiye aliyewaongoza. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuuita mshitu upuuzi baada ya kulifikiri hilo.

Mwaka 1903 Waadventista Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo chao cha kwanza kule Giti, wakakiita Friedenstal. Walutheri nao walikuwa wanajenga milimani miaka hiyohiyo. Kila misheni ilikuwa na shule, na kila aliyetaka ubatizo alitakiwa kuacha matambiko. Hapo ndipo nyumba ya babu yangu ilipogawanyika.

Babu alikuwa na mdogo wake. Zamu yake ya kuingia mshitu ilipokaribia alitoroka usiku, na ndizi za kuchoma ndani ya kikapu, akaenda misheni kuomba kusoma. Siitaji ni misheni gani, kwa sababu ugomvi uliofuata ulikuwa wa kwetu. Baba yao alikwenda kumfuata akarudi bila yeye. Mama yao alikataa kula chakula cha jioni kwa siku nyingi. Jina la kijana halikutajwa ndani ya nyumba, na kipande cha shamba alichokuwa amewekewa kikapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kijana gani katika ukoo wetu aliyeacha familia na jamii yake akaenda nyikani, sitamtaja babu. Babu alipelekwa na ukoo mzima, na kila jani la msitu ule lilikuwa na mwenyewe. Aliyekwenda nyikani ni mdogo wake. Mahali alipokwenda palikuwa na kengele, madawati na vitanda vilivyopangwa mstari, lakini hakuna hata mmoja pale aliyejua alizaliwa na nani.

Nampenda babu mdogo huyu. Alihitaji ujasiri wa namna nyingine, na hakuna mzee aliyemfunda.

Baada ya hapo mshitu ulipungua haraka. Misheni haikuuangusha peke yake. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita chini yetu pale Same, na kodi ya nyumba ikawasukuma vijana kwenda kwenye mashamba ya mkonge kutafuta fedha. Miezi waliyokuwa wakiitumia msituni sasa iliishia kwenye mashamba ya wenye makampuni. Kisha vita ya 1914 ikachukua wanaume kuwa wapagazi. Rika likitawanyika namna hiyo hulipati tena pamoja kulipeleka mshitu, hata kama wazee wapo tayari. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta utawala wa machifu, na misitu mingi ikapoteza walinzi. Palipokuwa na mkuyu pakalimwa maharage, au pakapandwa mikaratusi, na chemchemi kadhaa zikanywea. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Ningependa kila kijiji cha Mhezi kiitumie kwa mabaki ya mpungi na mshitu, na mipaka iandikwe sasa, wangali hai wanaoijua ilipopita.

Narudi nyuma kidogo, kwa sababu ndugu wale wawili walikutana tena. Katika miaka ya vita ya pili ya dunia serikali ya Waingereza ilileta kodi iliyokadiriwa kufuata mali ya kila mtu, na makadirio yakafanywa na machifu na watu wao. Kodi hiyo ikaitwa mbiru. Wapare waliiona kuwa njia ya kupekua zizi la mtu na kumpendelea jirani yake. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka kila pembe ya milima, kaskazini na kusini, wakaenda makao makuu ya wilaya pale Same, wakakaa. Hawakuchoma nyumba. Walikaa tu, miezi, kwenye vumbi na miiba ya uwandani. Kule Usangi wanawake waliobaki na mashamba na watoto nao wakatoka mwaka 1946 kumkabili mkuu wa wilaya.

Baba yangu alikuwa kijana wakati huo, kazi yake ikiwa kuteremsha chakula. Alisema kambi ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuamrisha: nani analala wapi, nani anazungumza kwanza, nani anakwenda kuteka maji. Wazee waliopita mshitu walijua kuishi porini kundi zima bila kugombana. Naamini kabisa, ingawa sijakiona kitabu kilichoandika hivyo, kwamba Same ilikuwa mshitu wa mwisho wa Upare, na safari hii koo zote zilikuwa ndani.

Babu alikuwepo. Na mdogo wake, sasa mwalimu mwenye koti na kalamu mfukoni, alikuwepo pia, akisoma barua za serikali kwa sauti na kuziandikia majibu wazee walioweka kidole gumba. Walilala chini ya mti mmoja. Baba alisema usiku mmoja babu mdogo alimuuliza kaka yake, kwa upole, huko mshituni mlifundishwa nini hasa. Babu akamjibu kwamba hawezi kumwambia. Asubuhi yake, wazee wa kwetu walipokaa shauri juu ya jibu la serikali, babu alisogea kwenye gogo alilokalia, akampigia mdogo wake kiganja pale palipobaki nafasi. Hakuna mzee aliyepinga. Serikali iliiacha kodi ile kabla ya miaka ya 40 kwisha, na waliporudi Mhezi babu mdogo alipimiwa kipande cha shamba upande wa chini wa mfereji, ambacho wajukuu zake wanakilima hadi leo.