Pengo la Mila na Mwanya wa Jino la Kupandikizwa

Mama mpendwa, leo tuzungumze juu ya meno ya mbele ya chini.

Tangu zamani Waturkana wamekuwa waking'oa meno mawili ya mbele ya chini ya mtoto. Wazee husema: mtoto akishikwa na pepopunda na taya likajifunga, maziwa yatapita penye pengo. Wadinka na Wanuer, majirani zetu wa kambi ya Kakuma tangu 1992, wana desturi kama hiyo. Wengine hung'oa hata meno sita.

Mwaka 2000 na 2001, maelfu ya vijana wa Sudan waliokulia Kakuma walihamia Marekani. Huko pengo likawatia haya, likawasumbua katika kula na kusema. Katika jimbo la Nebraska, Mary Willis na wenzake waliandika mwaka 2005 habari za wakimbizi Wadinka na Wanuer waliotaka kurudishiwa meno.

Njia moja ni kupandikiza. Ilianzia Sweden, ambako mwaka 1965 Brånemark alimwekea mgonjwa meno juu ya misumari ya titani iliyoshikamana na mfupa wa taya.

Je, mama, jino hilo ni sawa na la kuzaliwa nalo? La. Limeshikamana na mfupa, halisogei. Meno ya asili husogea polepole maisha yote. Ndiyo maana baada ya miaka mwanya unaweza kutokea kati yake na jino jirani. Chakula hunasa hapo, jino jirani huoza, ufizi huvimba.

Kwa aliyepandikizwa, au anayefikiria:
1. Asipandikizwe kabla taya halijamaliza kukua.
2. Asafishe katikati ya meno kila siku kwa uzi wa meno, mbali na mswaki au esekon.
3. Akipewa kifaa cha kuvaa usiku cha kuzuia meno yasisogee, akivae.
4. Amwone daktari wa meno kila mwaka. Mwanya ukigunduliwa mapema, kofia ya jino hurekebishwa.

Lakini gharama hiyo ni ya nini, mama? Wazee walikuwa wakitafuta njia ya kuokoa mtoto. Leo njia ipo: sindano ya pepopunda ukiwa mjamzito, na chanjo ya mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Bibi akidai meno yang'olewe, mwonyeshe kadi ya kliniki.

Kinga ni bora kuliko tiba.