Goma, Masisi, Walikale: ni kilometa ngapi, na ndege inachukua dakika ngapi?

Mtu akiuliza Walikale iko mbali gani na Goma, atapata majibu matatu, na yote ni ya kweli.

Kwa ndege. Ukipima mstari ulionyooka kwenye ramani, Goma mpaka Walikale-centre ni kama kilometa 133. Goma mpaka Masisi-centre ni kama 54, na Masisi mpaka Walikale kama 84. Ndege ndogo kama Cessna Caravan inaenda kilometa 300 hivi kwa saa. Hesabu ni rahisi: chukua kilometa, gawanya kwa 300, zidisha mara 60. Goma–Walikale inatoa dakika 27. Ongeza muda wa kuruka na kutua, inakuwa nusu saa na kidogo.

Kwa barabara. Kutoka Goma unafika Sake, kilometa 25 hivi, halafu unapanda milima. Masisi-centre inakuwa kilometa 80, si 54 tena. Mbele kuna Nyabiondo, Kashebere, kisha pori mpaka Walikale: jumla inapita 200. Mvua ikinyesha, kamyo inalala ndani ya potopoto, na hapo watu wanahesabu siku, hawahesabu tena kilometa.

Kwa mguu. Miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilitoka porini kwa migongo ya watu, magunia ya kilo 50, mwendo wa siku mbili hivi mpaka Njingala. Kutoka pale ilipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami, na magari yalisimama kuzipisha. Ndege zilirudi Goma na madini. Zilikuja na sabuni, chumvi na bia. Ndiyo maana vitu vya dukani Walikale viliuzwa ghali: mnunuzi alilipa pia bei ya ndege.

Vita navyo vinabadilisha hesabu. Mwezi wa kwanza 2025, M23 ilichukua Masisi-centre, kisha Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwezi wa tatu ikaingia Walikale-centre, ikatoka mwanzo wa mwezi wa nne. Zile dakika 27 zikabaki kwenye karatasi. Maharagi na viazi vya Masisi, mafuta ya ngazi ya Walikale, vyote vinategemea njia ya chini.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kumsafirisha mama mwenye mimba au kutuma mzigo, usiulize tu "ni kilometa ngapi?" Uliza wamotari waliofika jana: daraja linapitika? Vizuizi viko wapi, na ni vya nani? Mvua imenyesha? Halafu panga siku ya kuondoka mapema, maana mgonjwa hasafiri juu ya mstari wa ramani. Anasafiri juu ya barabara.