Merikani: Nguo Iliyokuwa Fedha ya Unyamwezi

Katika karne ya 19, jina la Amerika lilifika Unyanyembe, nchi ya Tabora, begani mwa mpagazi. Watu wa pwani walilitamka merikani, na walipolitamka walimaanisha nguo: pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Kwenye njia ya Tabora nguo hiyo ilikuwa ujira, ushuru, vazi na sanda.

Biashara yenyewe ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem huko Massachusetts, alifungua ubalozi mdogo Unguja. Meli za Salem zilishusha merikani, zikapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ikavushwa hadi Mrima, pwani ya bara, ikafungwa mitumba, na wapagazi wakaipandisha bara. Kutoka Tabora njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilielekea kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Nzega, kuelekea Ziwa Nyanza.

Nguo ilihesabika kama fedha. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Nguo nzima, ya yadi 30 hivi, ilikuwa jora. Kwa shuka na doti msafara ulinunua mtama, kuku na mbuzi, na kuwapa wapagazi posho. Wagogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa doti kabla ya kuruhusu watu kupita na kuteka maji. Fedha ndogo ilikuwa shanga: sokoni Ujiji watu walinunua samaki na mboga kwa shanga za sofi.

Thamani ya nguo hii haikuamriwa Salem wala Unguja. Walioipima ni watu wa bara. Wanyamwezi walikuwa wameshuka pwani na pembe zao tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Walijua bei za huko, na walijua nguo imara, kwa maana Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, aliwakuta na vitanda vyao vya kufumia pamba. Merikani ilipendwa kwa sababu ilikuwa nzito na ilidumu. Mfanyabiashara aliyeleta nguo hafifu, au shanga za rangi isiyotakiwa mahali fulani, aliweza kulala njaa katikati ya nchi yenye chakula tele.

Hata hivyo nguo hiyo ilikuwa na machozi ndani yake. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na huku kwetu ilinunua watu pamoja na pembe. Historia ya Tabora isiposema hayo haijasema kweli.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliipunguza sana pamba hiyo. Nguo za Uingereza zikajaza pengo, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko. Lakini jina halikuondoka: nguo iliyofumwa India nayo ikaitwa merikani, kwa kuwa watu walikuwa wameshalifanya jina hilo kipimo cha ubora wanaoutaka.

Kisha rupia za watawala wa Kijerumani na kodi yao ziliiondolea nguo kazi ya fedha. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo nao ukatoka begani mwa mpagazi.

Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi hadi Agosti. Wageni huonyeshwa nyumba hiyo kwa ajili yake. Inafaa waambiwe pia kwamba bila wapagazi hao, na bila doti za kuwalipa, asingepiga hatua. Njia hii ilijengwa na Wanyamwezi waliobeba nguo, wakaikagua, wakaipangia thamani. Majina yao mengi hayakuandikwa; vipimo vyao tunavitumia bado, kila tunaponunua doti ya khanga.